Siri Niliyomtunzia Mgonjwa Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, na nimekuwa muuguzi kwa miaka kumi na minne. Ninaishi huku kwetu kwenye majani chai, si mbali na Sotik. Majirani wananiona nikichuma chai katikati ya juma, wakati wenzangu wako kazini, na najua wananong'ona. Waacheni wanong'one! Wangejua ukweli wote wangenong'ona zaidi.

Sijafutwa kazi. Nimesimamishwa, na ni mimi mwenyewe niliyejipeleka kusimamishwa. Nawaandikia wasomaji wenzangu ili mjue ni kwa nini.

Nilikuwa katika wodi ya wagonjwa wa akili. Nikisema hivyo watu hucheka, huniuliza kama tunawafunga kamba. Hatufungi mtu! Kazi yetu ni kukaa na mgonjwa, kumsikiliza, kumpa dawa na kuhakikisha ameimeza, kisha kuandika yote katika kitabu cha ripoti ili mwenzako wa zamu inayofuata ajue anapokea mtu wa namna gani.

Chepkoech aliletwa na mamake siku ya soko. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mrembo, mcheshi, na mikono yake ilikuwa imejaa makovu aliyojikata mwenyewe. Daktari aliandika kwamba ana tatizo la haiba. Huo si wazimu wa kuokota makaratasi barabarani. Mtu wa namna hiyo huhisi kila jambo kupita kiasi, na huogopa kuachwa kuliko anavyoogopa kufa. Asubuhi wewe ni malaika wake. Jioni wewe ni shetani. Na mara zote mbili anaamini kwa moyo wake wote.

Mkubwa wetu alikuwa Sista Moraa, mama wa Kisii kutoka ng'ambo ya mpaka wa kwao na kwetu Wakipsigis, mwenye miaka hamsini na kitu na uso usiojua mzaha. Alituita, akatupa utaratibu. Kila zamu, Chepkoech apewe nusu saa yake ya kuzungumza, ukiahidi saa nne iwe saa nne. Asipewe zawadi wala namba ya simu ya mtu. Akijikata, kidonda kifungwe bila kumkemea na bila kumbembeleza, mazungumzo yangoje saa yake. Na lolote atakalosema, hata kwa siri, liandikwe.

"Huyu msichana hadanganyi vile mnafikiria," Moraa alituambia. "Anaogopa kuachwa, basi. Sasa mmoja wenu akijifanya mama yake, siku huyo mama atachoka tutalia. Tumpende sisi wote, pole pole, na tuseme kitu moja."

Mimi nilisikia nini? Nilisikia mama wa kabila lingine asiye na huruma kwa mtoto wetu! Ndiyo, nasema wazi, ingawa naona haya. Mnajua tunavyoishi huku mpakani. Sokoni tunanunuliana ndizi na maziwa, tunacheka, lakini moyoni kila mtu ana kisu chake kidogo.

Chepkoech alinisoma siku ya kwanza. Alinisalimia kwa Kipsigis, akaniuliza ukoo wangu. Nilipomtajia akashika mdomo, machozi yakamlengalenga. Hata yeye alikuwa wa ukoo huo! Tangu siku ile hakuniita sista tena. Aliniita senge, yaani shangazi, dada ya baba. Kwetu, mtoto wa ukoo akikuita senge, unamfukuza vipi? Ungekuwa wewe ungemfukuza?

Basi nusu saa ikawa saa nzima. Nikamletea mursik, maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu, kutoka nyumbani. Nikampa namba yangu ya simu. Tulizungumza lugha yetu, na Moraa akipita tulinyamaza. Alituangalia tu, akaenda zake. Nami nilijivuna... Mungu anisamehe, nilijivuna kwamba kati ya wauguzi wote mimi ndiye niliyependwa!

Siku moja aliniambia ana jambo, lakini niape kwanza kwamba sitamwambia "yule Mkisii." Nikaapa. Akafungua mfuko wa nguo zake, akanionyesha vidonge. Alikuwa hamezi dawa, anazificha chini ya ulimi kisha anaziweka. Alisema anaziweka kwa ajili ya siku ambayo dunia itamshinda.

 Muuguzi yeyote anajua la kufanya hapo. Unaandika, unamwita mkubwa, mnaketi na mgonjwa, na kuanzia siku hiyo kila dawa inahakikishwa imeingia tumboni. Mimi nilifanya nini? Nilimnyang'anya vile vidonge, nikavimwaga chooni, nikamwapisha kwa jina la marehemu babake kwamba hatarudia. Akaapa. Tukakumbatiana. Katika kitabu cha ripoti nikaandika kwamba mgonjwa ametulia.

Nilidhani nimemwokoa. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Methali hiyo niliifundishwa shule ya msingi, lakini kumbe kuijua ni kazi moja na kuitii ni kazi nyingine.

Juma lililofuata alinionyesha alama nyeusi mkononi. Alisema Moraa amemfinya na kumtukana kabila lake. Sikuuliza mgonjwa mwingine, sikumuuliza hata Moraa mwenyewe. Niliketi nikaandika barua kali kwa wakubwa, nikawashawishi wauguzi wawili wa kwetu waweke sahihi. Moraa alipoitwa alikana. Kisha akauliza jambo moja, kama utaratibu wa Chepkoech utaendelea akiondoka. Wakamhamishia zahanati ya mbali. Alikusanya vikombe vyake akaondoka bila kugombana na mtu, na utaratibu wake ukaondoka naye.

Hapo ndipo mzigo wote uliponiangukia. Chepkoech alinipigia simu nikipika, nikiwa kanisani, nikichuma chai. Nisiposhika, aliandika kwamba nimemchukia. Nikishika, mazungumzo hayakwisha. Mume wangu akanuna. Watoto wakaanza kuuliza huyo Chepkoech ni nani. Nikachoka, wasomaji. Nikachoka vile vile Moraa alivyosema!

Nilipoanza kufupisha maongezi, alimwambia muuguzi mwenzangu kwamba nimemfinya. Mkono ule ule. Maneno yale yale! Mwenzangu aliniambia akicheka, hakuamini. Mimi sikucheka. Nilikwenda nyuma ya wodi, nikaegemea ukuta. Nilijua nimemchafua mama wa watu bure. Na je, nilikwenda kwa wakubwa kusema? Sikwenda. Niliogopa. Nikajiambia nitasema baada ya koito.

Koito ni sherehe yetu ya kuposa na kupanga mahari. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaposwa kwetu Ndanai, nami ndiye dada mkubwa, singeweza kukosa. Niliomba likizo ya siku nne. Chepkoech sikumwambia. Niliogopa atalia, atajikata, nitashindwa kwenda. Nikamwambia "tutaonana kesho" huku nikijua ni uongo, nikatoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku.

Siku ya koito nilizima simu. Tulikunywa, tuliimba, wazee walibishana kuhusu ng'ombe mpaka jua likapinda. Nilicheka sana siku hiyo. Ni furaha yangu ya mwisho ninayoikumbuka.

Nilipowasha simu alasiri nikitaka kupiga picha, ilianza kutetemeka haikukoma. Simu zake zilikuwa zaidi ya thelathini. Na ujumbe mmoja kwa lugha yetu... "Senge, hata wewe?"

Nikapiga wodini. Muuguzi wa zamu alikuwa akilia. Chepkoech alikuwa amemeza vidonge alivyokuwa ameviweka siku nyingi. Walijaribu kila njia. Alikata roho saa nane mchana, wakati sisi tunagawa nyama.

Muuguzi yule alirudia swali moja tu. "Alitoa wapi dawa zote hizo, sista? Hatukujua anaficha! Mbona hatukujua?"

Nikamjibu kwamba hata mimi sijui.

Nilikwenda mazishini. Ndugu ya marehemu babake aliposimama kuhutubia alitaja ukoo wao, na haukuwa ukoo wangu. Wala haukukaribia! Sikumkasirikia Chepkoech. Nililia zaidi. Msichana yule alikuwa na njaa ya kuwa na mtu wake, na kwa njaa hiyo alijitengenezea senge pale alipokosa.

Kisha likaja la kunimaliza. Mamake alisimama mbele ya kaburi, akaniita mbele ya watu. Akasema katika hospitali nzima ni mimi peke yangu niliyempenda mtoto wake. Akanishika mikono, akanibariki. Watu wakapiga makofi. Na mimi... nilisimama pale nikapokea shukrani ile, kichwa nimekiinamisha kama mtu mnyenyekevu!

Baada ya hapo mama yule alinipigia kila Jumapili kunijulia hali. Kila Jumapili! Sikula, sikulala, dawa nilizompa mgonjwa yeyote nilizihesabu mara tatu. Mwishowe nikaenda kumtafuta Moraa nyumbani kwake.

Nilimkuta akipukuchua maharagwe barazani. Nilipiga magoti, nikamwambia yote, kuhusu vidonge, barua, ile simu niliyozima. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniambia niinuke, nitachafua nguo.

"Mimi nilihamishwa tu, sista," alisema. "Niko mzima. Mimi si mtu wa kuombwa msamaha kwanza. Hizo dawa alipokuonyesha, mbona hukuandika?"

Nikainuka. Akaniuliza kama mama wa Chepkoech anajua. Nikasema hajui. Akaendelea kupukuchua maharagwe yake, nami nikaelewa ninakotakiwa kwenda.

Siku iliyofuata nilikwenda kwanza kwa wakubwa, nikaandika kila kitu kwa mkono wangu, kuhusu Moraa na kuhusu vidonge. Wakanisimamisha papo hapo. Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa mama wa Chepkoech. Aliponiona langoni alifurahi, akaanza kuwasha moto apike chai. Nikamwomba aketi kwanza.

Nilimweleza kwa Kipsigis, polepole, bila kuficha kitu. Nilimwambia kwamba mtoto wake alinionyesha dawa mapema. Kwamba nilinyamaza ili aendelee kunipenda mimi kuliko wengine. Kwamba wenzangu wangejua, wangechunguza, na huenda leo angekuwa hai.

Alisukuma ukuni mmoja motoni. Nilingoja anipige. Ningefurahi kama angenipiga!

"Ulimpenda kweli?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo, nilimpenda.

"Basi ungesema," akajibu. Akainuka, akauzima moto wa chai, akaingia ndani na kufunga mlango.

Jumapili iliyofuata hakunipigia. Hajanipigia tena hadi leo, na sina haki ya kungoja simu yake.

Wauguzi wenzangu, na ninyi wenye watoto na ndugu wenye maradhi kama ya Chepkoech, nawasihi. Hawa si watu wabaya. Si waongo wa kupuuzwa, wala si mayai ya kuficha kifuani peke yako. Wanahitaji watu wengi wanaosema neno moja, na wanaoaga wanapoondoka. Mtu akikuambia "usimwambie mtu" kisha akakuonyesha kifo chake mfukoni, mwambie! Akuchukie, akutukane, akuite adui mbele ya ukoo mzima. Atakuwa hai kesho, na mtu aliye hai anaweza kukusamehe.

Wa kwangu hawezi.