Msimamizi wa Ndoa Yetu Aliniuzia Mbwa wa Kufa

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mke wa mtu, mama wa watoto ambao wote wameshajitegemea. Nauza viatu vya mtumba Mabatini, hapa Mwanza. Naandika nikiwa na hasira, nawaambia mapema ili msije mkategemea machozi. Machozi nilikuwa nayo, yameisha. Hasira ndiyo imebaki, na bado ni mbichi!

Wanaonifahamu wanajua mimi si mtu wa kuibiwa kirahisi. Chenji nahesabu mara mbili, hata ya sadaka. Ukiniuzia viatu, navinusa, nakunja soli, nachungulia ndani, halafu ndipo tunaanza kuongea. Na bei utakayoitaja kwanza mimi naichukulia kama salamu tu. Sasa mtu kama mimi alitapeliwaje? Sikilizeni...

Mume wangu, Masanja, alikuwa dereva wa familia moja ya Kihindi yenye maduka pale Nyamagana, watu wa heshima kabisa. Walikuwa na mbwa wa aina inayoitwa baseti: mwili mrefu kama benchi, miguu mifupi kama ya stuli, masikio yanafagia sakafu. Masanja ndiye aliyekuwa akimtembeza jioni, nami nilimcheka: mwanaume mzima wa Kisukuma unatembeza benchi! Familia ile ilipohamia nje ya nchi iliondoka na mbwa wake, na Masanja alimsikitikia mbwa kuliko mshahara.

Kisha kikaja kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto vikalegea, maneno yakawa yanatoka kwa kuchagua. Hospitali walimwambia atembee kila siku, la sivyo mguu utakufa kabisa. Hakutaka! Alikaa sebuleni akautazama ukuta. Nikambembeleza, nikamgombeza, nikamwita mchungaji... wapi! Alisema anaona aibu. Vikongwe wanampita. Hata bata wanampita!

Siku moja, bila kuulizwa, akasema, "Yule mbwa... hakuwa na haraka. Yule ningetembea naye."

Jamani! Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Niliuliza kila mahali hadi nikaelekezwa kwa mama mmoja wa Bwiru, kule kwenye mawe karibu na ziwa, anayezalisha baseti. Nilikwenda nimejiandaa kwa vita ya bei. Badala yake nikahojiwa mimi! Nyumba ina uzio? Mchana nani anabaki? Mbwa akiugua nitampeleka wapi? Akanionyesha jike, mama wa watoto wa mbwa, amelala kwenye mkeka safi, akanionyesha na kadi za chanjo. Akasema watoto waliopo wana wenyewe, nisubiri uzao ujao, na hamtoi mtoto kabla hajatimiza miezi miwili kwa mama yake. Tena siku nikishindwa kumlea, nisimgawe, nimrudishie yeye.

Nikaomba punguzo. "Mama," akasema, "bei yangu haijui kushuka, magoti yanaiuma."

Nikamwambia nimekuja kununua mbwa, sikuja kuposa. Akanijibu, "Heri ungekuja kuposa. Binti ningekupa haraka zaidi."

Nilicheka, nikakubali kusubiri. Na ningesubiri... kama Baba Kulwa asingeingia.

Baba Kulwa ni msimamizi wa ndoa yetu. Yeye na mkewe ndio waliosimama nasi kanisani, ndio waliotuweka chini kila tulipogombana. Kwetu msimamizi ni mzazi. Humkagui, humwambii "hebu nione kwanza". Akija unamwamkia, unampa kiti, unamsikiliza. Ndivyo nilivyofundwa, na ndivyo nilivyowafunda wengine.

Aliposikia habari zangu akanishangaa. "Mwanangu, unapanga foleni kwa mgeni, baba yako ninao nyumbani?"

Sikujua kama anafuga. Akasema anao kule Mkolani alikohamia, wazima, wamechanjwa, ataniletea mwenyewe. Nikauliza kwa adabu kama naweza kwenda kumwona mama wa watoto. Akasema jike akizaa anakuwa mkali, atanirarua. Na kadi ya chanjo? Iko kwa daktari. Kisha akaniangalia kwa huzuni. "Au humwamini baba yako?"

Niambieni, swali kama lile linajibiwaje? Nililipa bei aliyoitaja. Sikuomba ipungue hata kidogo. Mimi! Nilitoa akiba yangu yote ya kikoba, nikaona nimemheshimu mzazi.

Mbwa aliletwa ndani ya katoni ya sabuni. Kadogo, masikio marefu kuliko akili. Masanja alicheka, na sikumbuki mara ya mwisho alicheka lini. Akamwita Taratibu.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kiti kitupu! Nikatoka mbio nikidhani ameanguka. Walikuwa uani, mzee na mbwa wake, wote wawili wanayumba, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Baadaye wakafika getini. Kisha dukani. Mwenye duka akanitania, "Mama Neema, hapa nani anamtembeza mwenzake?" Nikamjibu aulize mbwa, ndiye msemaji wa familia. Nilikuwa na furaha kiasi hicho...

Haikudumu. Taratibu alianza kutapika. Akagoma kula. Kisha akahara damu! Nilimbeba kwenye khanga kama mtoto mchanga, nikakimbilia kwa daktari wa mifugo. Daktari alimfungua kinywa, akaangalia meno, halafu akaniangalia mimi. Akauliza ni nani aliyemwachisha mbwa huyu, maana alikuwa bado wa kunyonya. Tumbo limejaa minyoo. Na chanjo? Alisema ugonjwa ule ndio hasa chanjo ingeuzuia.

Nikampigia simu Baba Kulwa. Pole sikupewa. Alitaka kujua tumemlisha nini. "Ninyi mmezoea ng'ombe," akasema, "mbwa wa kizungu hamumuwezi." Akakata.

Taratibu alikufa amelaza kichwa juu ya mguu wa Masanja, ule ule uliolegea. Masanja hakulia. Alirudi kwenye kiti, akaugeukia ukuta.

Nilichukua bodaboda mpaka Mkolani bila taarifa. Wasomaji wenzangu, nilichokiona nyuma ya nyumba ile! Vibanda vya kuku, ndani yake mbwa, wamelalia mavi yao. Na yule mama "mkali" nilimkuta. Baseti jike, mzee, matiti yanaburuza chini, masikio yana vidonda na nzi, mbavu zote nje. Aliponiona alitingisha mkia! Huyo ndiye wa kunirarua?

Mama Kulwa alikuwa anapeta mchele. Alininong'oneza bila kuinua macho kwamba jike yule hapumzishwi, akimaliza kunyonyesha anapandishwa tena, na watoto wanaondolewa mapema ili wasile gharama. Kisha akasema neno lililonikausha: ndugu zake Taratibu walikuwa wameshaanza kufa kabla wa kwangu hajatiwa kwenye katoni.

Alijua! Alijua, akaniita mwanangu, akapokea fedha!

Mara akatokea Baba Kulwa mwenyewe, ameongozana na vijana wawili, mume na mke. Walikuwa wamefuata mbwa. Mnajua walikuwa ni nani? Nao aliwasimamia ndoa! Kumbe tulikuwa wengi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sikumwamkia.

"Nilikusimamia ndoa," akasema kwa sauti, "leo umekuja kunisimamia biashara?"

Niliwageukia wale vijana. "Wanangu, kamwoneni mama wa mbwa kwanza. Yuko nyuma. Haumi."

Mume akasitasita, akatazama viatu vyake. Mke akaenda. Alirudi ameziba pua, akamshika mumewe mkono, wakaondoka bila kuaga.

Mngedhani aibu ingemtosha? Alikwenda kunishtaki kwa wazee wa kanisa kwamba nimemdharau mzazi mbele za watu! Jumapili iliyofuata wakaja nyumbani kwangu, yeye amevaa kofia yake ya sherehe, amekaa kwenye kiti nilichomtengea mimi mwenyewe. Wazee wakasema yule alikuwa mbwa tu. Wakasema mzazi ni mzazi. Wakanitaka niombe radhi, yaishe, tunywe chai.

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, lakini radhi isingekuwemo.

Ndipo Masanja akasimama. Bila fimbo! Hakuna aliyemsaidia, tulipigwa na butwaa. Alivuka sebule nzima, mguu unakwaruza sakafu, jasho linamtoka, nasi tunamngoja. Akafika mlangoni. Akaufungua. Akayachagua maneno yake.

"Baba," akasema. "Shikamoo. Toka."

Na Baba Kulwa, kwa mazoea, akaitika "Marahaba" huku anainuka.

Tangu siku ile Masanja anatembea kila asubuhi. Peke yake, amekunja uso, bata wanampisha. Hospitali walimtaka atembee, hawakusema lazima afurahi.

Fedha sijarudishiwa. Radhi sijaombwa. Nimekwenda serikali ya mtaa, nimekwenda kwa watu wa mifugo, naambiwa nisubiri, wanashughulikia.

Kwa hiyo nawasihi. Unataka mbwa? Nenda ukamwone mama yake, pale alipo, kwa macho yako. Ukinyimwa, geuza, hata kama anayekunyima ndiye aliyekushika mkono madhabahuni! Muuzaji akikuhoji kama polisi, vumilia, huyo anajua anachokitoa. Anayekupa haraka, bila swali, ana haraka ya nini? Heshima mpe mzazi kwenye salamu. Kwenye mali, kagua!

Na ninyi mnaotaka kuniandikia kwamba nisamehe, hifadhini wino. Nitasamehe siku yule jike atakapotolewa kwenye kile kibanda. Kabla ya hapo, msinihesabu.