Mume Wangu Anarudi Nyumbani Ameshaoga

"Apolinaria ni nani?"

Salmini alikuwa ameinama anafungua kamba za viatu. Hakuinuka. Nikamsomea ujumbe kwenye simu yake neno kwa neno, taratibu, ili asije akasema sikuelewa.

"'Salmini, leo umeondoka haraka. Umeoga kweli? Usiende kwa mkeo hivyohivyo.' Haya, nimesoma vibaya?"

"Umesoma vizuri."

"Basi niambie ni nani."

"Ni wa kazini."

"Wa kazini ndiye anayekuuliza kama umeoga?"

Akanyoosha mkono, nikampa simu yake. Sikuwa na haja nayo tena, maneno nilikuwa nimeshayameza. Alichosema baada ya hapo ndicho kilichoniuma kuliko ujumbe wenyewe.

"Semeni, naomba jambo hili uliache."

Mwanaume asiye na kosa hukasirika. Wangu aliomba.

Tunakaa Isevya, hapahapa Tabora mjini. Mimi nashona madera, yeye anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha dawa za mifugo nje kidogo ya mji. Huu mwaka wa nne wa ndoa. Zamani akirudi ungemjua kwa unga: ovaroli nyeupe, nywele nyeupe, mpaka kope. Ananikumbatia mlangoni, namkaripia kwa kunichafua, na simsukumi. Ovaroli nilikuwa naifua mimi kwa mikono yangu, kila Ijumaa. Kisha, kama miezi minane iliyopita, ovaroli ikaacha kuja nyumbani. Akawa anarudi saa kumi na moja amevaa shati lilelile alilotoka nalo asubuhi, ngozi inang'aa, ananukia sabuni ambayo mimi sijawahi kuinunua. Mwanzoni nilimshukuru Mungu kwa kupunguziwa kufua. Mimi nami kuna siku akili yangu inachelewa.

Nikaingia chumbani, nikampigia Imakulata, shoga yangu aliyehamia Usoke. Ameachika mara mbili, kwa hiyo mambo haya ameyasomea.

"Anarudi kaoga?" aliniuliza.

"Kaoga."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Jumapili anaoga hapa."

"Jumapili huyo mwanamke yuko kanisani. Apolinaria ni jina la ubatizo hilo, shoga."

"Usinichekeshe, mwenzio naumwa."

"Sikuchekeshi. Mwanaume akioga nje, kuna aliyempa ndoo na taulo. Kesho nenda huko kazini kwake. Usiende na hasira, nenda na macho." Akashusha sauti. "Na ile hali yako, umeshamwambia?"

"Bado."

"Usimwambie kwanza, mpaka ujue unakaa au unaondoka."

Hali yenyewe ilikuwa mimba ya miezi miwili na nusu. Nilikuwa nimeificha kwa sababu mbili. Ya kwanza mmeshaijua. Ya pili ni kwamba mwaka jana nilipata nyingine, ikatoka ikiwa na miezi minne. Wiki mbili kabla haijatoka nilikuwa nimepanda pikipiki kwenda ndani huko Sikonge kumzika mama yangu mkubwa. Mama mkwe wangu, Bi Haifa, anakaa Kigwa, na tangu siku ile kila akija kwetu ana sentensi moja: "Mimba ya mwanangu imemwagwa barabarani." Anaisema akiwa na kikombe cha chai yangu mkononi. Salmini huangalia mkeka.

Kesho yake saa nane mchana nikakodi bajaji. Nilikuwa nimevaa dera jipya na wanja, maana sikutaka huyo mwanamke anione nimechoka. Begi langu dogo nilikuwa nimeshalifunga na kuliacha nyuma ya mlango.

"Namtaka Apolinaria," nikamwambia mlinzi.

"Mama Apolinaria wa usalama? Kaa hapo, mama."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke wa kope za bandia. Akatoka mama mtu mzima wa karibu miaka sitini, amevaa gambuti, kilemba kimekaa upande, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Maneno yote niliyoyapanga ndani ya bajaji yakanikimbia. Lililotoka ni moja tu.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mimi ni mke wa Salmini."

"Ah, Semeni. Karibu, ila usivuke huo mstari mwekundu. Hapo mwisho wa wageni."

Kutoka pale niliona mabafu matano yaliyojengwa kwa safu. Wanaume waliokuwa wanamaliza zamu ya alfajiri waliingia mlango wa kushoto na ovaroli, wakatoka mlango wa kulia na nguo zao za nyumbani, vichwa vimelowa. Wote walikuwa wananukia sabuni ile ya mume wangu. Nilijisikia mdogo mno.

"Wote wanaoga hapa?" nikauliza.

"Asiyeoga hatoki getini. Jana sikumwona Salmini bafuni, ndiyo maana nikamwandikia. Kumbe alikuwa ameoga kabla ya wenzake. Lakini heri niulize mara kumi nionekane mkorofi."

"Kwani ndani mnatengeneza nini, mama? Si dawa ya ng'ombe?"

"Kinachotoka ni dawa. Kinachoingia bado si dawa. Unakuja unga kwenye mapipa, mweupe, laini kuliko sembe. Mpaka uchanganywe na vingine upikwe ndipo uwe dawa. Kabla ya hapo ni sumu. Na hauna harufu, hauwashi. Mtu anaushika kama anashika unga wa ugali, na hapo ndipo anapopotea."

"Unaua?"

"Haukuangushi leo. Unaingia puani, unapita kwenye ngozi, unakaa kwenye mishono ya nguo, unapanda nao bodaboda mpaka nyumbani kwa watoto. Nilipoletwa hapa niliwakuta wamefunga vitambaa puani na kunywa maziwa, eti maziwa yanaosha sumu. Maziwa ni chakula, mwanangu, hayaoshi mapafu. Mapipa matupu walikuwa wanagombania kwenda kuwekea maji ya kunywa. Niliyatoboa yote siku moja. Walinichukia hao mpaka basi."

"Uliletwa lini?"

"Huu ni mwezi wangu wa nane hapa."

Nikawa nimeelewa nusu. Nusu nyingine aliniongezea mwenyewe, bila kujua ananiongezea nini.

"Mumeo ndiye aliyenisaidia kuwabadilisha. Siku ya kwanza ya mafunzo nilisema unga huu ni hatari zaidi kwa mjamzito, maana mtoto wa tumboni ndiye anayeumia upesi. Wanaume wakacheka, wakasema hapa hakuna mwenye mimba. Salmini hakucheka. Akanyoosha mkono akaniuliza, 'Na mjamzito akifua hizi nguo?' Nikamjibu. Akatoka nje, akakaa pale chini penye bomba, hakurudi mpaka tukamaliza." Akaniangalia vizuri. "Hakukuambia?"

Nikatikisa kichwa. Nilikuwa naziona zile Ijumaa zangu. Kabla ya kuloweka ovaroli nilikuwa naikung'uta kwanza uani, unga unapaa, unaniingia usoni, napiga chafya na kucheka peke yangu huku tumbo limeanza kuonekana.

"Mama, ndiyo iliyomtoa mwanangu?"

Akavua glavu, akazitupa kwenye pipa lenye mfuniko, akanawa kwanza, ndipo akaja akanishika bega.

"Nisikudanganye. Mimba hutoka kwa mambo mengi, na mara nyingi hata daktari hajui. Siwezi kusema ndiyo, siwezi kusema siyo. Ninachojua ni kwamba zile nguo hukupaswa kuzigusa, na hakuna aliyekuambia." Macho yake yakashuka kwenye mkono wangu, uliokuwa umekwenda tumboni wenyewe. "Ukienda kliniki, waambie mumeo anafanya kazi gani. Usiwafiche."

Salmini alirudi saa kumi na moja kama kawaida. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka, begi mbele yangu.

"Leo nimeonana na Apolinaria."

Akakaa palepale mlangoni, hata viatu hakuvua.

"Amekuambia?"

"Ameniambia ulichomuuliza. Alichokujibu ulipaswa kuniambia wewe."

"Ningeanzia wapi, Semeni? Nilikuwa nakukabidhi nguo zile kwa mkono wangu. Nilikuwa nakukumbatia nazo. Niseme nini, kwamba nimemuua mtoto wetu halafu uniwekee chakula?"

"Wakati ule hukujua."

"Sikujua."

"Basi hapo sina kesi na wewe. Kesi yangu inaanzia ulipojua. Tangu ujue, mama yako amekuja hapa mara ngapi?"

Akafikiri. "Mara tatu."

"Mara nne. Mara nne amekaa hapo akasema nimemwaga mjukuu wake barabarani, na wewe unaangalia mkeka. Nikawa nalala najiuliza kama kweli nilimuua mwanangu kwa kwenda kumzika mama mkubwa. Miezi minane umelala pembeni yangu unajua, unaniacha nibebe. Ungekuwa na mwanamke wa nje ningelia, ningekuacha, yangeisha. Hili ulitaka niende nalo wapi?"

Alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilimhurumia, siwezi kukataa, nampenda huyu mtu. Lakini huruma nayo ina mpaka wake.

"Niliogopa utaondoka," alisema.

"Na nilikuwa naondoka. Begi si unaliona?"

"Nifanye nini, Semeni? Niambie, nitafanya."

"Mpigie mama yako. Weka sauti ya nje."

Aliangalia simu kwa muda mrefu kabla hajaibonyeza. Upande wa pili kuku walikuwa wanalia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mama, nina neno. Ile mimba ya Semeni haikutoka kwa pikipiki."

"Kwa nini, basi?"

"Kazini kwetu kuna sumu. Nilikuwa naileta kwenye nguo, yeye anafua. Hakuna anayejua kwa hakika kama ndiyo iliyoitoa. Lakini kama kuna wa kulaumiwa ni mimi. Nimelijua muda mrefu, nikakuacha umseme."

Nilidhani simu imekatika.

"Mama?"

"Kwa hiyo miezi yote hii namsema mtoto wa watu, na wewe umekaa unanisikiliza?"

"Ndiyo, mama."

"Mpe simu."

"Nakusikia, mama," nikasema.

"Semeni. Mimi nilizaa saba, nikazika watatu. Kila nilipozika, mama mkwe wangu alisema ni uzembe wangu. Niliapa sitamfanyia hivyo mke wa mwanangu. Nimekufanyia." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Jumamosi nakuja. Nikuombe radhi nikiwa mbele yako, si kwenye simu."

Sikusema nimesamehe. Nilisema nimesikia, karibu, mama. Kusamehe kulikuja Jumamosi yenyewe, alipokaa na kikombe cha chai mkononi na kulia mpaka chai ikapoa. Siku ile ya simu nilikuwa bado.

Simu ilipokatika tulikuwa bado palepale, yeye mlangoni, mimi kwenye mkeka. Halafu nikamwambia, kwa sababu sasa alikuwa mtu wa kuambiwa.

"Salmini, nina mimba."

Hakufurahi. Alishtuka, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Ya muda gani?"

"Miezi miwili na nusu."

Akaanza kuhesabu vidole. Alihesabu akafika nane, akarudia tena kuanzia mwanzo, midomo inacheza bila sauti. Nilimwona anavyohesabu nikajua anatafuta nini.

"Mafunzo yalikuwa kabla," alisema. "Tangu siku ile hakuna uzi uliotoka getini. Huyu hajaguswa, Semeni. Huyu hajaguswa kabisa."

"Najua. Mimi nami nimehesabu, ndani ya bajaji."

Akaja taratibu, akakaa karibu yangu, akaweka kichwa mapajani kwangu akaanza kulia. Nikalisukuma begi pembeni. Sikumwambia anyamaze, na mimi pia sikunyamaza. Yule wa kwanza hatukuwahi kumlia pamoja, kila mtu alimlia kwa siri yake. Jioni ile ndiyo tuliyomlia.