Sindano ya Pili

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

"Maziwa yametoka. Njoo na kikombe."

Uwineza aliusoma akiwa juu ya forklifti, katikati ya ghala moja la South End, Louisville, paleti ya mashine za kufulia ikiwa hewani. Akaishusha taratibu. Akamdanganya supavaiza kuhusu jino, akagonga kadi, akatoka.

Kwa miaka mitatu ghala lile lilimjua kama mama mpole wa forklifti, mkimbizi kutoka nyanda za juu za Kivu Kusini. Kitengo cha siri cha kulinda mifugo kilimjua kwa jina jingine.

Kikombe Saba.

Nusu saa baadaye Toyota Sienna yake ya kijivu, yenye kiti cha mtoto nyuma ingawa hakuwa na mtoto, ilikuwa barabara ya I-71 ikielekea kaskazini. Magari matatu mbele yake, Ford F-350 nyeupe ilikuwa inakokota trela. Ndani ya trela lilikuwemo dume la pembe ndefu. Ndani ya Ford alikuwemo Bonheur.

Tumalizane na Bonheur mapema, maana si mtu wa kumsubirisha msomaji.

Alijiita Docteur. Udokta wenyewe aliupata kwa wiki mbili za masomo ya mtandaoni na koti jeupe la kununua. Mtoto wa mjini, Bukavu, aliyewafahamu ng'ombe kwa kuwaona kwenye sahani. Siku hiyo alikuwa anapeleka dume la zawadi kwa wafugaji wa Buffalo, bure, pamoja na chanjo ya kundi zima, bure pia. Facebook alikuwa ameshatangaza mara nne. Katika kila picha yeye alikuwa katikati na dume limekatwa kichwa nusu.

Redio ilikoroma.

"Kikombe Saba, uko wapi?"

"Nimepita Carrollton, Muzee. Iko natembea polepole. Anaweka indicator hata njia ikiwa tupu."

"Mwoga huyo."

"Ao anabeba kitu yenye inamuogopesha."

Mwenye sauti alikuwa Pantaleo, mkuu wake, daktari wa mifugo mstaafu, mzaliwa wa Kigoma. Aliendesha shughuli zote kutoka chumba cha nyuma cha nyumba yake, mtaa wa Clintonville, kaskazini mwa Columbus. Majirani walidhani anafuga samaki.

"Sikiliza, binti," alisema. "Tumenasa barua za kampuni moja ya ng'ambo. Ofisi chumba kimoja, tovuti nzuri. Wana dawa ghalani isiyo na mnunuzi, sasa wanatafuta ugonjwa wa kuiuza. Wanataka ng'ombe wa wakimbizi wafe kwanza, ili lawama ziwaangukie wakimbizi. Kisha hofu isambae, dawa itoke. Kwenye barua wanaandika 'zawadi ya Buffalo'. Jina la mtu hawaandiki."

Uwineza alisogea gari moja karibu zaidi na trela. 

Kundi la Buffalo lilikuwa na ng'ombe thelathini na tisa. Familia za nyanda za juu, watu wanaofunga masanduku viwandani mpaka migongo inagoma, walilikusanya ng'ombe mmoja mmoja kwa miaka saba. Msimamizi wake alikuwa mzee Karekezi.

Baba yake.

Vita vilimnyang'anya mzee huyo ng'ombe wote aliokuwa nao, na alipofika Amerika alikaa miaka miwili bila kucheka. Alicheka siku ndama wa kwanza alipozaliwa. Uwineza alikuwepo, akalia kwa furaha, na hakuwa tayari kumwona baba yake ananyamaza tena kwa sababu ya mjinga mwenye koti jeupe.

Saa nne na nusu, Columbus. Bonheur alitoka barabara kuu, akaegesha trela kwenye kivuli Clintonville, akaingia mkahawani kula mayai na parachichi. Dume akaliacha na kiu. Mtu anayejiita daktari wa mifugo.

Pantaleo alitokea na mbwa wake na kikapu. Mfupi, kofia ya timu ya Columbus Crew, macho makali. Akamkabidhi Uwineza kikapu bila kusimama.

"Una dakika kumi na tano. Anasubiri kahawa yenye ua juu ya povu."

Uwineza alipanda ubavuni mwa trela. Dume likapumua kwa nguvu, pembe zikagonga chuma. Akalinywesha maji kwanza. Akalikuna chini ya taya, akaliongelesha Kinyamulenge, likatulia. Kisha akachukua kikapuni sindano ndogo ya kupimia sukari, akalichoma kwenye ncha ya sikio.

Tone moja. Akalipaka kwenye kioo, akalikausha, akatia rangi, akasubiri, akabana kioo kwenye hadubini ndogo iliyounganishwa na simu yake ya Samsung.

Kwenye skrini, ndani ya chembe nyekundu za damu, vimelea walikuwemo. Wawili wawili, wamekutana kwa ncha, kama mbegu za tikiti zilizogusana.

"Homa ya mkojo mwekundu, ile ya kupe," Pantaleo alinong'ona.

"Lakini papier yake inasema dume ni safi."

"Walimpima kwa damu ya mshipa wa shingoni. Kule vimelea hawa ni wachache mno, unaweza usimwone hata mmoja. Wao hupenda mishipa midogo kabisa. Sikioni, mkiani, kwenye ubongo. Hujibandika huko na kusongamana." Alilitazama dume kwa huruma. "Huyu aliugua zamani akapona. Mnene, manyoya yanang'aa. Lakini kupona kwake ni nusu. Mwili ukizoea sura moja ya vimelea, wao wanabadilisha sura. Miaka miwili, mitatu, wamo tu. Yeye haumwi tena. Ni stoo ya ugonjwa wa wenzake."

"Na kupe yenye itawapeleka kwa ngombe za baba iko wapi?"

"Kupe ni Bonheur. Bomba moja la chanjo, sindano moja, anaanza na dume, anavuta damu kidogo, kisha kundi zima. Ndama watahimili. Ng'ombe wakubwa ambao hawajawahi kukutana na ugonjwa huu watakojoa damu, kisha watalala."

"Basi tumukamate sasa hivi."

"Tukimkamata sasa, ataweka mkono kifuani na kusema alidanganywa, aliuziwa dume gonjwa. Cheti anacho. Atalia mbele ya kamera, watu watamchangia. Mwezi ujao kampuni itamtuma mwingine. Nionyeshe kwamba anajua. Hilo tu."

Uwineza alishuka. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira alikuwa na hofu, na vyote viwili vilimfanya afikiri haraka.

Bonheur alitoka mkahawani akijipiga picha.

Safari ikaendelea. Cleveland ikapita upande wa kushoto, ziwa likaonekana na kupotea. Uwineza akampigia baba yake.

"Baba, leo Docteur akikupatia ile dume, umurudishie mutamba hapo hapo."

 Sauti ya mzee ilikuja taratibu, imeumia.

"Mwana wangu, mutu akikupa ngombe, unangoja. Ngombe inazaa, mwaka inapita, njo unarudisha. Kurudisha siku ile ile ni kumwambia sitaki urafiki yako. Ni haya."

"Ninajua, Baba."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu ya ngombe zako. Siwezi sema ingine kwa telefone."

Mzee alipumua.

"Nitamupatia binti wa ile ngombe Bihogo," alisema. "Kama ni haya, ikuwe haya ya ngombe muzuri."

Saa kumi na moja jioni, shamba la kusini mwa Buffalo. Jua bado lilikuwa juu. Wanaume walikuwa wametoka moja kwa moja zamu ya kiwandani, wengine na buti za Carhartt, kila mmoja na fimbo yake. Wanawake walikuwa wamevaa mishanana, mavazi ya kufunga begani. Ng'ombe thelathini na nane walipangwa kwenye kichochoro cha mbao, wakitafuna bila wasiwasi, mtamba wa mzee akiwa amefungwa kando. Maafisa wawili wa kitengo walikuwa wamekaa na wazee, wakinywa soda.

Uwineza alisimama kwenye lango la kichochoro, mkono kwenye komeo. Mpango wake ulikuwa na tundu moja kubwa. Bonheur akilichoma dume, kisha kwa bomba lile lile amchome mtamba atakayepewa, basi ushahidi umekufa na mtamba amekufa. Angefunga komeo, angeonyesha kioo chake, na Bonheur angelia mbele ya kamera.

"Bon, bandugu," Bonheur alisema, koti jeupe likipepea. "Ile dume ni ya kwenu. Champion. Mimi siombi kitu, hata aksanti siombi. Donc, nitaanza na yeye, muone chanjo haina mambo."

Akalichoma dume shingoni, na kidole gumba chake kikavuta nyuma kidogo. Wekundu ukaingia kwenye bomba. Nani angetazama? Uwineza alitazama.

Mzee Karekezi alisogea mbele. Mrefu, mwembamba, kofia mkononi.

"Docteur, sisi tumepokea. Na mimi ninakurudishia leo." Akamleta mtamba ambaye hajazaa bado, wa rangi ya asali, pembe ndio kwanza zinapinda. Minong'ono ilipita kati ya wazee, mmoja akageuza uso kwa aibu. Karekezi aliimeza aibu hiyo mbele ya watu wake wote. "Huyu ni binti wa Bihogo. Ni yako. Tutakuchungia hapa. Mumuchanje yeye wa kwanza, ngombe ya mugeni haifuate zetu."

Bonheur alimtazama mtamba. Tamaa ilimpanda usoni waziwazi, kama mtoto aliyeonyeshwa keki.

"Yangu mimi?"

"Yako."

Akamwendea mtamba na bomba mkononi. Hatua tatu. Nne. 

Bonheur akasimama.

Akaliweka bomba juu ya ndoo. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa sindano nyingine, mpya, ikiwa bado kwenye karatasi yake. Akaichana kwa meno. Akavuta dawa kutoka kichupa kingine. Akamchoma binti wa Bihogo kwa upole wa ajabu, akampapasa palipochomwa.

Kisha akageuka, akachukua bomba la kwanza kutoka juu ya ndoo, akaelekea kichochoroni.

"Bon. Sasa zenu."

Pale shambani palikuwa na watu mia moja waliokulia nyuma ya ng'ombe. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Docteur," Karekezi aliuliza polepole. "Kwa nini yangu inachomwa na sindano ya dume, na yako inachomwa na mupya?"

Bonheur alirudi hatua moja nyuma.  Huyu ndiye mtu aliyekuwa tayari kuua ng'ombe thelathini na nane na kuzichafua familia arobaini, na alishindwa kupoteza mtamba mmoja aliyemmiliki kwa dakika tatu.

Uwineza alisukuma komeo. Lango likafunga. *Kla.*

"Jibu mzee," alisema, akiinua simu yenye picha ya kioo. "Hii ni damu ya sikio ya Champion. Weye unajua iko na nini ndani."

Mkono wa Bonheur ulirudi ndani ya koti. Safari hii ulitoka na bastola, SIG Sauer ndogo, mpya, ambayo, kwa jinsi alivyoishika, alikuwa hajawahi kuipiga. Uwineza alichukua fimbo ya baba yake na kumpiga kifundo cha mkono. Pigo moja, lile la kumrudisha ng'ombe mkaidi njiani. Bastola ikaanguka kwenye kinyesi.

Ilikuwa imetumbukia mahali pake.

Maafisa waliweka soda zao chini. Bonheur alitaja kampuni, majina, na namba za simu kabla hata hajafungwa pingu. Hakuulizwa. Watu wa aina yake huwa hawaulizwi.

"Kikombe Saba?" redio ilikoroma.

"Kikombe kimejaa, Muzee."

"Ng'ombe?"

"Hata moja yetu haijachomwa na ile bomba."

Sauti ya Pantaleo ikawa nzito.  "Dume itabidi lichinjwe. Unajua."

"Ninajua."

Karekezi alikuwa ameshalijua. Alisimama kando ya dume, kiganja kwenye paji lake, akilisemesha maneno ya sifa, yale wanayosemeshwa ng'ombe wa nyumbani. Lilikuwa halijamkosea mtu. Alikaa nalo mpaka aliporidhika, kisha akaligeukia gari la maafisa. Bonheur alikuwa kiti cha nyuma, koti limechafuka, macho chini.

Mzee aligonga kioo kwa kidole.

"Ile mutamba ni yako," alisema. "Mutu akitoa ngombe, harudishe. Tutamulisha. Akizaa, ndama ni yako pia. Siku watakufungulia, ukuye umuchukue hapa, mbele ya batu bote."

Bonheur alianza kulia, na safari hii hapakuwa na kamera.

Uwineza alimrudishia baba yake fimbo. Mzee alimtazama, akamtazama mtamba, akamtazama tena yeye. Akacheka.

Simu ikalia. Supavaiza wa Louisville.

"Jino limeng'oka," Uwineza alisema. "Kesho niko kazini. Forklifti yangu isiguswe."

Akaingia kwenye Sienna, akaweka indicator ingawa njia ilikuwa tupu, akaondoka.