Neno Lisilokuwemo Katika Yeremia

Bibi Jenoveva alikuwa hanywi uji kabla ya Neno. Hata iwe baridi ya mwezi wa saba, ile inayopanda na ukungu kutoka bondeni na kumkuta mtu hadi ndani ya soksi, sufuria ilikaa pembeni ya moto ikisubiri, na wewe ukasubiri nayo. Kitongoji kizima, pale karibu na Vuga, kilimjua kwa hilo.

Aliyesoma alikuwa mjukuu wake, Yusta, msichana wa miaka kumi na miwili, wa darasa la sita. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Aliona mwanga wa mlangoni na kivuli cha mtu, basi, zaidi ya hapo ni kupapasa. Kwa hiyo kila asubuhi Yusta alivaa sare, akawasha moto, akachukua kijitabu cha masomo ya kila siku walichopewa usharikani, akatafuta tarehe, kisha akafungua Biblia na kusoma aya ya siku ile. Akimaliza, Bibi aliuliza swali lile lile.

"Haya, mjukuu wangu. Leo Neno limetutuma wapi?"

Maana kwa Bibi haikutosha kusikiliza na kusema amina. Neno lilimtuma mtu kazi, na kazi yenyewe ilifanywa siku hiyo hiyo. Likizungumzia wageni, Yusta alibebeshwa boga na kulipeleka kwa mwalimu mpya aliyehamia juzi. Likizungumzia kusamehe, Bibi alishika fimbo yake na kwenda kumsalimia mzee Martin, ambaye mwaka mzima alikuwa akiwaibia zamu ya maji ya mfereji. Siku moja walisoma habari ya kuhurumia wanyama, Bibi akaamuru mbuzi afunguliwe kamba. Mbuzi akaenda moja kwa moja kwenye kabichi za kina Hidaya, majirani zao. Lo! Kabichi sita. Kesho yake hawakuhitaji hata kufungua Biblia ili kujua wametumwa wapi.

Mama yake Yusta alikuwepo wakati huo, na walicheka wote watatu mpaka uji ukapoa. Sasa walikuwa wamebaki wawili. Baba alifariki zamani, Yusta akiwa chekechea, na tangu mwezi wa kwanza Mama alikuwa Bulwa, milima ya upande wa pili, akichuma chai. Safari ya kwenda huko ni kushuka milima yote hii na kupanda mingine, siku nzima njiani. Alikuwa katika miezi ya majaribio. Akishaajiriwa rasmi atapata bima, na jina la Bibi litaingia humo, na ule mtoto wa jicho utatolewa. Ndivyo walivyopanga.

Mpango ulikuwa mzuri, Yusta alilijua hilo. Lakini mpango haulali na mtu kitandani. Upande wa Mama ulikuwa wa baridi, na kanga aliyoiacha ilikuwa imeshaanza kupoteza harufu yake, kwa sababu Yusta aliinusa mno. Jioni aliporudi shuleni hakuna aliyemuuliza leo mmefanya nini. Bibi alimpenda, sana tu, lakini Bibi alilala saa moja, na baada ya hapo nyumba ilinyamaza hadi Yusta akawa anasikia mbuzi akicheua nyuma ya ukuta. Hakumwambia mtu. Aliogopa kuonekana mtoto mdogo. Upweke ule ulimkaa kifuani tu, naye akaenda nao shuleni na kurudi nao.

Alhamisi moja alifungua kijitabu kama kawaida. Aya ya siku ilikuwa ya Zaburi. Yusta aliipitia kwanza kimoyomoyo. Mwimba zaburi alikuwa anasema kwamba hata baba na mama wakimwacha, Bwana atampokea.

Baba na mama wakimwacha! Yusta alikasirika, akahisi amechokozwa mbele za watu. Hakutaka kuisoma kwa sauti. Akiisoma atalia, na akilia Bibi atauliza.

"Mbona kimya?" Bibi aliuliza. "Moshi?"

"Natafuta ukurasa, Bibi."

Ndipo maneno mengine yakamjia, yakamtoka mdomoni kabla hajayapima. Akasoma, macho yake yakiwa kwenye Zaburi ambayo hakuwa akiisoma: "Mwiteni yule aliye mbali arudi nyumbani kwake. Kwa maana nyumba imekosa mama, na mtoto wake analia."

Bibi aliinua uso. "Hilo limeandikwa wapi?"

"Yeremia," Yusta alisema. Alichagua Yeremia kwa sababu ni kitabu kirefu.

"Sura ya ngapi?"

"Thelathini na... karatasi imechakaa, Bibi."

Bibi alifuta macho yake yasiyoona kwa ncha ya kanga. "Ama kweli," alisema. "Mimi nimezeekea kanisani na hilo sijawahi kulisikia. Nikafikiri nayajua yote. Haya, hapa hatuhitaji hata kuulizana tumetumwa wapi. Chukua simu. Mpigie mama yako."

Yusta aliichukua. Hakuwa amefikiri mambo yangekwenda haraka hivyo. Alibonyeza namba kwenye kile kitochi cha Bibi, akaweka sauti kubwa, na sauti ya Mama ikaingia jikoni mle.

"Shikamoo, Mama. Kwema huko? Mbona alfajiri?"

"Marahaba, Mariamu. Kwema. Neno limesema urudi."

Bibi alimkariria lote, neno kwa neno, kwa kuwa aya akiisikia mara moja alikuwa haisahau. Kisha Mama akasema taratibu, "Mama, zimebaki wiki tatu tu niajiriwe. Nikiondoka leo naanza upya, na sijui kama watanichukua tena. Bima yako je? Macho yako?"

"Macho yangu ni kitu gani kama Mungu amesema?" Bibi alijibu. "Nimeona vya kutosha maishani mwangu. Mwanao analia, na mimi kipofu nilikuwa sijui hata hilo. Rudi, mwanangu."

Mama alivuta pumzi. "Sawa, Mama. Kama ni Neno, siwezi kushindana nalo. Jioni nikishapima majani nitapita ofisini niage."

Yusta alikunywa uji wake bila kujua kama una sukari au hauna.

Njiani kwenda shule alimsimulia Hidaya, rafiki yake, aliyekuwa akisoma naye darasa moja na alasiri akienda madrasa. Alitaka kusikia kwamba si kitu kikubwa. Hidaya alisimama katikati ya njia.

"Umetunga?"

"Kidogo tu. Sentensi mbili."

"Yusta! Sisi ukikosea herufi moja, ustadhi anakurudisha mwanzo. Wewe umemtungia Mungu sentensi mbili nzima?"

"Lakini Mama anarudi."

"Ndiyo. Na bibi yako?" Hidaya aliuliza.

Yusta akampita, akaendelea na njia. Siku nzima mwalimu alifundisha sehemu na asilimia, yeye akaona ubao tu.

Aliporudi saa tisa alikuta uwanja umefagiwa na godoro la kitanda chao limeanikwa juani. Bibi alikuwa ameketi mlangoni na beseni la mchunga alioukata mwenyewe, mboga aliyoipenda Mama kuliko zote. Juu ya nyusi yake palikuwa na uvimbe, ukubwa wa ndimu, na damu iliyokauka.

"Shikamoo, Bibi. Umefanya nini hapo?"

"Marahaba. Ah, ni ule mpeasi wa nyuma. Nimeusahau ulipo, nao haukunipisha." Bibi alicheka. "Haidhuru. Sasa inabidi nijifunze kuishi hivi hivi, maana ndiyo macho yangu ya kudumu."

Alisema bila manung'uniko hata kidogo, akaendelea kuchambua mboga kwa vidole. Yusta alitazama vile vidole vikipapasa jani moja moja, vikitafuta magugu. Mwanamke huyu alikuwa ametoa macho yake kwa sababu ya sentensi mbili za uongo, na alikuwa amezitii kwa furaha. Yusta akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

"Bibi," alisema, na magoti yake yakaishia chini kwenye vumbi. "Lile neno halimo."

"Neno gani?"

"La asubuhi. Halimo Yeremia. Halimo popote. Nimelitunga mimi. Ilikuwa Zaburi na nilishindwa kuisoma."

Vidole vya Bibi vilisimama. Yusta alisubiri kofi, na angelipenda kofi. Bibi hakumpiga wala hakufoka. Uso wake ulizeeka tu, palepale.

"Mimi nimekukabidhi macho yangu," alisema mwishowe. "Unachosema kimeandikwa, kwangu kimeandikwa. Nitajuaje tena, Yusta?"

Yusta alilia kwa sauti.

"Utalia baadaye. Saa ngapi sasa?"

"Imekaribia saa kumi."

"Basi piga simu. Na utasema wewe."

Simu haikupatikana. Mama huizima akiwa shambani. Yusta alipiga tena, na tena, akapanda hadi kwenye jiwe lililo juu ya mfereji ambako mtandao ni mzuri, Bibi akimfuata nyuma ameshika bega lake. Yule mwanamke wa kwenye simu akarudia kwamba namba haipatikani kwa sasa, mara nne, kwa adabu ile ile inayoudhi. Mara ya tano ikaita.

"Yusta? Mwanangu, nipo hapa barazani pa ofisi. Mbele yangu kuna mtu mmoja tu, nikimaliza nitawa..."

"Mama, usirudi!"

Hakuwa amejua kwamba maneno hayo mawili yanaweza kuuma hivyo. Miezi sita alikuwa akiomba kinyume chake. Aliyasema tena, na safari hii akaeleza yote, ya Zaburi, ya Yeremia, ya karatasi iliyochakaa, akimeza machozi katikati.



"Kumbe unaumia hivyo?" Mama aliuliza. Sauti yake nayo ilikuwa imelowa. "Kila nikikuuliza unaniambia hujambo, unaniambia shule nzuri. Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Mimi nami huku usiku nakumbatia mto."

"Niliogopa utaona mimi bado mtoto."

"Si ndivyo ulivyo! Mtoto wangu." Mama alipenga kamasi. "Naondoka hapa barazani. Tumekubaliana wiki tatu, tutavumilia. Lakini sikiliza, kijitabu kama hicho chenu ninacho. Kuanzia kesho, kabla ya uji, nipigie. Tutasoma pamoja, wote watatu. Na ukiwa na huzuni, utaisema kama huzuni."

Walirudi nyumbani polepole, Bibi bado ameshika bega. Uwanjani aliketi mahali pake na kusema, "Leta Biblia. Tulale tumesoma kilichoandikwa."

Yusta alisoma ile Zaburi. Sauti ilikatika alipofika kwa baba na mama, Bibi akamngojea, Yusta akamaliza. Ndipo akashangaa. Asubuhi alikuwa ameshikwa na mwanzo wa aya tu, pale panapochoma, na mwisho wake hakuupa nafasi kabisa. Aliyeandika maneno yale naye alikuwa mpweke. Alikuwa mpweke akasema, na aliamini atapokelewa.

"Umeona?" Bibi alisema. "Ulikuwa na kilio cha kweli, Yusta, na Mungu alikuwa amekuandikia aya yako mwenyewe siku hiyo hiyo. Wewe ukaificha ukamwekea maneno mdomoni. Huko si kumtii Mungu, ni kutaka yeye akutii wewe. Ukitaka kumwomba, omba. Ukitaka kulia, lia, mimi nipo na yeye yupo. Ila ukifungua kitabu chake, soma kilichomo, kipendeze, kisipendeze."

"Utanisamehe, Bibi?"

"Nimeshasamehe. Kuamini ndiko kutakakochukua siku. Imani hiyo utaijenga mwenyewe, kila asubuhi, aya moja moja."

Ikawa hivyo. Kila alfajiri Mama alisoma kutoka Bulwa, Yusta akafuatisha jikoni kwao, na Bibi akasikiliza kama yanakubaliana. Yusta alijua anasikilizia nini, na ilimchoma, na hakulalamika. Upande wa kitanda ulibaki baridi. Siku nyingine alisema kwenye simu, "Mama, leo nina huzuni," na Mama akajibu, "Hata mimi," na kwa namna fulani uji ulishuka.

Mama aliajiriwa. Mwezi wa kumi alipata ruhusa, akaja na kikadi cha bima, akampeleka Bibi hospitalini. Siku bandeji zilipotolewa Bibi alimtazama Yusta kutoka utosini hadi miguuni na kusema, "Kumbe umekuwa mrefu hivi, na hakuna aliyeniambia!"

Wiki mbili baadaye Mama alikuwa amesharudi Bulwa. Yusta aliamka akakuta moto umeshawashwa na Bibi amekaa dirishani na Biblia mapajani, miwani mipya puani.

"Nimemaliza kukisoma kitabu cha Yeremia chote," Bibi alisema bila kuinua kichwa. "Sura hamsini na mbili. Kweli halimo."

Yusta akainamisha uso. Bibi akaifunga Biblia na kumnyooshea, pamoja na kile kijitabu.

"Haya, mpigie mama yako usome."

"Lakini Bibi, sasa si unaona mwenyewe?"

"Naona," Bibi alisema, akavua miwani na kuifuta. "Lakini ninayemwamini kunisomea ni wewe. Soma, uji unapoa."