Shuka Chini ya Bendera

Mwizi hakuvunja kioo. Alifungua kufuli la kabati kwa ufunguo, akachukua alichokitaka, akafunga tena taratibu kama mtu aliyekwenda kuchota sukari jikoni kwake. Ndani ulibaki mti mtupu wa bendera. Bendera ndogo ya Kombania ya Tatu, ya buluu, yenye ncha mbili kama mkia wa mbayuwayu na matamvua mekundu ya nyuzi ukingoni, haikuwapo.

Inspekta alisimama katikati ya ukumbi wa makumbusho ya jeshi, mikono mfukoni. Ndiyo ilikuwa desturi yake: macho kwanza, mikono baadaye. Kwenye kuta zilining'inia bendera za vikosi vilivyokwisha kuvunjwa, nyingine zimechakaa hadi zimebaki nyuzi zilizoshikizwa kwenye wavu. Ukumbi mzima ulinuka dawa ya nondo.

"Alama za vidole?" aliuliza.

"Hakuna," alijibu Koplo, msaidizi wake, mtu mnene aliyekaribia kustaafu na asiyeficha furaha yake juu ya hilo. "Amevaa glovu. Kikulacho ki nguoni mwako, afande. Huyu ni wa humu humu."

"Na hilo shuka?"

Mbele ya kabati, juu ya sakafu, palikuwa pametandikwa shuka jeupe lililopigwa pasi.

"Alitaka kufungia mzigo, akalisahau."

Inspekta hakuridhika. Anayetaka kufungia mzigo hatandiki shuka likanyooka pembe zote nne. Alimgeukia mhifadhi wa makumbusho, mama mwembamba aliyekuwa akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Bendera ile ina thamani gani?"

"Sokoni, haina. Nani ataninunulia kitambaa kilichotoboka? Kwetu ndiyo ina thamani. Kijana aliyeibeba alifia vitani, mtoni, na maiti yake haikupatikana. Iliyorudi ni bendera tu."

"Ilikuwa na kitu gani cha pekee?"

"Doa. Hapa katikati, kubwa, jekundu lililofifia. Wageni husema ni damu ya yule kijana. Wiki hii ilikuwa iende maabara, doa lipimwe, kisha isafishwe."

"Nani alijua?"

"Wote tuliomo humu."

"Kuna aliyepinga?"

"Hakuna aliyesema neno."

Inspekta alichuchumaa kando ya shuka. "Mama, kwa nini mtu atandike shuka chini ya bendera?"

Mhifadhi alivaa miwani. "Ili isiguse sakafu," alisema polepole. "Wanajeshi wana mwiko huo. Bendera ya kikosi ikigusa chini, ni aibu ya kikosi kizima."

"Basi tuna mwizi mwenye adabu," alisema Koplo.

Inspekta aligeuza ukingo wa shuka. Kwenye pindo palikuwa na maandishi ya wino usiotoka kwa kufuliwa: *Wodi ya Wanawake, kitanda cha dirishani.* Alilitazama kwa muda. Tangu hapo alianza kuichukia kesi hii, maana miguu yake ilikuwa imeshajua inakokwenda.

Mlinzi wa lango aliapa kwamba jana, siku ya kufunga kwa usafi, hakuna mtu aliyeingia.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, afande."

"Na asiyehesabika kuwa mtu?"

Mlinzi alikuna kichwa. "Labda Sajini. Lakini Sajini si mtu, ni mwenyeji. Yeye ndiye anayewatembeza wageni, na funguo za makabati anazo. Alikuja asubuhi kuchukua koti lake la medali."

"La nini, siku ya mapumziko?"

"La maziko. Alikuwa anamzika mkewe mchana. Mama wa watu aliugua sana, alilazwa wodini miezi. Na yule mshika bendera wa Kombania ya Tatu si alikuwa mtoto wao? Wa pekee."

Koplo alikohoa, akatazama pembeni.

Nyumba ya Sajini ilikuwa mwisho wa uchochoro, chumba na sebule. Viti vya kuazima vya waombolezaji vilikuwa bado vimepangwa ukutani, vimenyooka kama vinasubiri kukaguliwa. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja kimefunikwa kwa kisahani. Mzee alisimama walipoingia, goti lake moja likalia.

"Shikamoo, mzee wangu. Pole kwa msiba."

"Marahaba, binti. Nimeshapoa." Hakuwa amepoa hata kidogo. "Mmekuja kwa ajili ya bendera."

"Ndiyo. Una haki ya kunyamaza, mzee."

"Nimenyamaza vya kutosha. Shuka ndilo lililoniumbua?"

"Ndiyo."

"Kulitandika niliweza. Unalirusha tu, linakaa lenyewe. Kuinama kuliokota, goti likagoma. Na lilikuwa ndilo shuka pekee safi nililobaki nalo, la kwenye mfuko wa hospitali wa mke wangu." Alikaa. "Ningeweza kuiburura tu ile bendera. Mikono ilikataa."

"Iko wapi?"

"Kwa mama yake kijana."

Inspekta alielewa. Alivuta kiti, akakaa karibu na mzee kuliko inavyoruhusiwa kwa mtuhumiwa.

"Umeizika naye."

"Aliniomba. Alisikia wanataka kuifua. Akaniambia, 'Baba, wakiitoa ile damu watakuwa wamemuua mara ya pili. Nizike na mwanangu.' Huyo ni mgonjwa aliyekuwa hawezi hata kuinua kijiko. Wewe ungemjibuje?"

"Ningekubali," alisema Inspekta.

"Nikakubali. Nikaiweka mikononi mwake mwenyewe, kabla jeneza halijafungwa."

Koplo alikuwa ameacha kuandika. "Kwa hiyo sababu ni damu ya mtoto," alisema taratibu, kama anayemsaidia mzee. "Hakimu ataelewa. Mzazi na damu ya mwanawe."

"Haikuwa damu," alisema Sajini.

Koplo aliinua kichwa.

"Enzi hizo nilikuwa sajini wa stoo. Sanduku la vitu vya Kombania ya Tatu lilipofika, nililifungua mimi. Mvua ilikuwa imelinyeshea njia nzima. Yale matamvua mekundu yalikuwa yametoa rangi, inachuruzika, imeingia katikati ya kitambaa. Niliianika mwenyewe. Niliikamua, rangi ikanibaki viganjani." Alivitazama viganja vyake. "Mke wangu wakati huo hali, halali, haongei. Hana kaburi la kwenda. Nilimpeleka aione bendera labda atalia, apumue. Akaweka kidole juu ya doa. Akaniuliza, 'Hii ni damu yake?'"

"Ukasema ndiyo."

"Nikasema ndiyo. Akalia. Jioni ile akala."

Inspekta alitamani mzee aishie hapo, lakini ungamo likishaanza halina breki.

"Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, binti. Nimeitembea kila Jumapili, nimemshika mke wangu mkono, mpaka mbele ya lile kabati. Anamsimulia mwanawe habari za wiki. Nani kaoa, nani kahama. Mimi nimesimama pembeni. Niliomba kazi pale ili nilinde uongo wangu, asije mtu akaugusa."

"Na wewe, mzee? Wewe ulikuwa unamlilia wapi?"

Swali hilo halikuwa la kipolisi. Lilimtoka tu.

Machozi yalimshuka Sajini bila sauti, na hakuyafuta.

"Yeye alikuwa na mahali pa kulilia," alisema. "Mimi sikuwa napo. Mimi nilijua ni rangi."

Koplo aliinuka, akaenda kusimama mlangoni akiwapa mgongo. Inspekta alichukua karatasi ya maelezo na kuiweka gotini. Aliandika jina la kosa, akaandika namna lilivyotendeka, akafika palipouliza kielelezo kiko wapi. Kalamu ilisimama. Akiandika ukweli, mahakama itaamuru kaburi lifukuliwe. Yalihitajika maneno mawili tu kumwacha yule mama alale: *haijulikani ilipo*. Na nani angejua?

Mzee alikuwa akiitazama kalamu.

"Andika, binti," alisema. "Nyumba hii uongo mmoja umeitosha."

Inspekta aliandika. Mwandiko wake, ambao ofisini walikuwa wakiusifia, ulikwenda upande. Alimpa mzee karatasi, naye akatia saini, akasimama, akavaa koti na kulifunga vifungo vyote. Mlangoni aligeuka.

"Siku ya kufukua naomba niwepo. Nilimkunja vidole vyote kumi juu ya bendera. Hatamwachia mtu asiyemjua."