Tai ya Manju Maduhu

Majirani na wapita njia, sogeeni. Karibu na Masumbwe, miaka ile ya sabini, nyumba ya Zipora haikujua ukiwa. Jioni mumewe, Maduhu, aliketi uani akitunga nyimbo, na majirani wakaja na vigoda vyao wenyewe. Maduhu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma za mavuno. Kwenye mashindano ya ngoma hizo hakuna majaji: vikundi viwili hucheza uwanja mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho mshindi. Maduhu akifungua kinywa, wapinzani walibaki na vumbi lao.

Siku moja akaja bwana wa kampuni ya sigara pamoja na mpiga picha. Wakamvika koti na tai, wakamchomeka sigara mdomoni. Maduhu hakuwa amewahi kunusa hata ugoro.

"Tabasamu, manju! Wala haiwashwi."

Zipora alicheka na wenzake. Nani asingecheka?

Picha ikabandikwa madukani, kutoka Kahama hadi Nyarugusu. Balaa likaingia kwa mlango wa mbele. Manju akiimba vizuri, mashabiki humtuza. Zamani walimtuza kuku na vitenge. Sasa walimtuza sigara, tena iliyowashwa.

"Vuta, manju! Kama pichani!"

"Au picha inadanganya?"

Akikataa, wapinzani walimzomea: "Mwongo wa karatasi!" Basi akavuta. Mwanzoni kuwaridhisha, baadaye kwa kiu yake mwenyewe. Akawa analala nayo, anaamka nayo.

"Baba Mageni, koo lako ndilo jembe letu," Zipora alimsihi.

"Nikiacha, mama Mageni, watu watasemaje?"

Watu! Ndio sisi hao, jamani.

Ukafika msimu mmoja wa mavuno, Maduhu akafungua kinywa, kikatoka kikohozi. Watazamaji wakaanza kuhama, mmoja mmoja, halafu kwa makundi, hadi Zipora akabaki karibu peke yake akimpigia mumewe makofi. Hospitali wakasema koo limeharibika, sauti ile hairudi tena.

Haukupita muda, bwana wa sigara akarudi kumtafuta manju mpya, Ignas. Zipora aliposikia, akamshika mumewe mkono, wakaenda. Wakamkuta Ignas keshavaa tai.

"Shikamoo, mayu," Ignas akamwamkia Zipora, kama anavyomwita mama yake.

"Marahaba, mwanangu. Kabla hawajakupiga picha, msikilize mwenzio akiimba."

Maduhu akaimba. Neno la kwanza lilikwaruza kama mchanga ndani ya sufuria. La pili halikutoka. Akabaki amefumbua mdomo, machozi yakimlengalenga.

Ignas akaifungua ile tai, akamrudishia bwana wa sigara.

"Chukua, bwana. Mimi nina mashindano Jumamosi."

Funzo

Usimkopeshe sura yako mtu anayeuza sumu, hata akikuvika koti zuri namna gani. Nasi tunaompenda msanii, tuangalie tunamtuza nini. Kampuni ilimchomeka Maduhu sigara isiyo na moto. Kibiriti tuliwasha sisi, huku tukimshangilia.