Picha Iliyotangulia

Picha ilifika kabla haijatumwa. Hivyo ndivyo balaa lilivyoanza, jamani, na Husna akajitia hamnazo.

Kazi yake, katika ofisi ya televisheni ya mtandaoni pale Ukunda, ilikuwa kupima ubora wa picha na kuchelewa kwake. Skrini ya kushoto ilionyesha picha inayotoka kwenye kamera. Ya kulia, ile inayowafikia watazamaji. Ya kulia sharti ichelewe kidogo. Lakini siku ya harusi ya Bodo, bi harusi alicheka kwenye skrini ya kulia kwanza, ndipo akacheka kwenye ya kushoto, na chumba kikanukia marashi ya waridi ilhali hakuna aliyejipaka.

Husna aliyajua yalikotoka. Walipousimika mnara wao wa matangazo mzimuni Bodo, mahali pa kutambikia, yeye ndiye aliyemwamuru fundi Tsuma ang'oe vitambaa vyeupe vya nadhiri na kumwaga marashi ya watu, bila hata kumpigia hodi Bi Mbeyu, mlinzi wa mzimu. "Vitambaa tu hivyo," alisema.

Mara, kulia, nyuma ya maharusi, Tsuma akaanguka kutoka mnarani. Kushoto alikuwa bado anapanda. Husna akashika simu, akaiweka, akaishika tena, akiwaza kwamba Tsuma atauliza amejuaje, na bosi atataka kujua vitambaa vilikwenda wapi, na huku marashi yakizidi kunukia na pumzi za mtu zikisikika kwenye spika iliyozimwa, akajiambia ni mitambo tu imeharibika, akairudisha simu mezani, na kushoto Tsuma akaachia.

Hospitalini Msambweni, Tsuma alilala bila fahamu. Bi Mbeyu alinong'ona kando ya kitanda: "Mzimu huyu hataki mbuzi. Anamtaka aliyetoa amri amwombe radhi kwa ulimi wake."

"Mwanangu hang'oi vya wazee kwa akili yake, wallahi," alisema mamake Tsuma. "Husna mwanangu, wajua ni nani aliyemwamuru?"

"Sijui, mama." Aibu ilimchoma hadi mifupani.

"Haya," alisema Bi Mbeyu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kesho yake kamera zilikuwa uani mwa msikiti wa Bodo, kwa maulidi. Kushoto, watu walitandika majamvi. Kulia, watu walewale walibeba jeneza, na kaka zake Tsuma walikuwa mbele.

Safari hii Husna hakungoja. Alimpigia Bi Mbeyu huku analia.

"Shikamoo bibi! Ni mimi niliyemwamuru! Namwomba radhi, amwache mwenzangu!"

Bibi akajibu, taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Tumeshamfumba macho."